Kipande cha arobaini: uchambuzi wa kisa cha ajali ya msumeno wa pembe

Kisa hiki kilitokea Mombasa, upande wa Kisauni, katika karakana ya nyumbani. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba asijulikane. Kwa hivyo nimembadilisha jina na kuacha kila kinachoweza kumtambulisha. Nimemwita Hamadi, na mpwa wake nimemwita Saidi. Vipimo sikuvibadilisha. Nilivichukua mwenyewe siku ya tatu baada ya ajali, vipande vikiwa bado pale pale vilipoangukia.

Nimeona niandike kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: kinga ya bledi ilikuwa imefungwa waya, basi, kisa kimekwisha. Mimi nimekaa na vipande vile kwa muda mrefu, na sikubaliani. Waya ulimdhuru, ndiyo, lakini ulikuja wa pili. Ajali yenyewe ilianzia kwenye duka la mbao, siku mbili kabla.

Mahali, mtu na mashine

Hamadi ni mtu wa makamo. Mchana ana kazi yake ya ofisini, na useremala huufanya jioni na mwisho wa wiki. Mkono wake ni mzuri. Nimeona kabati lake moja la mkungu ambalo viungo vyake havipitishi hata ukucha. Karakana ni banda la mabati uani, wazi upande mmoja kwa ajili ya upepo. Saidi, kijana wa miaka 19, humsaidia na hulipwa kwa siku.

Mashine ni msumeno wa pembe wa inchi 10, ule ambao kichwa chake huvutwa mbele kisha hushushwa na kusukumwa nyuma. Ameununua wa mtumba. Kibao chake kinasema bledi huzunguka mara 4,800 kwa dakika. Kwa bledi ya milimita 254, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 230 kwa saa. Hauna breki ya umeme. Nilipoachia swichi na kuhesabu kwa simu, bledi ilichukua sekunde 11 kusimama kabisa. Sekunde hizo 11 tutazirudia.

Kinga ya chini, ile inayojikunjua yenyewe kichwa kinapopanda, ilikuwa imeanza kukwama miezi kadhaa nyuma. Anayeishi pwani anajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Springi ilikuwa na kutu, na utomvu ulikuwa umeganda kwenye egemeo lake. Hamadi alitia mafuta ya kupikia. Ilifanya kazi wiki moja, kisha unga wa mbao ukashikamana na mafuta na kuwa kama gundi. Hapo ndipo alipochukua waya wa kufungia nondo akaifunga kinga juu, akisema ataitengeneza akipata nafasi.

Kazi iliyokuwa mezani

Madrasa moja ilikuwa imeagiza kabati la vitabu lenye rafu 10. Kila rafu inakaa juu ya vibao vinne vidogo, kwa hivyo vilihitajika vibao 40, kila kimoja sentimita 7, kutoka kwenye mbao ya mwembe ya inchi mbili kwa moja.

Hamadi alipiga hesabu. Vibao 40 vya sentimita 7, pamoja na milimita 3 zinazoliwa na bledi kila mkato, ni sentimita 292. Mbao ya futi 10 ina sentimita 305. Inatosha. Akanunua futi 10.

Hesabu ni sahihi, na ningependa msomaji aikumbuke.

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumamosi. Kabati lilitakiwa Jumapili baada ya adhuhuri. Stima ilipotea kabla ya adhana ya adhuhuri ikarudi baada ya alasiri, hivyo kazi ya saa nne ikabanwa kwenye saa moja na nusu za mwanga.

Bledi ya meno 60 iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa butu, na mkato wa kwanza ulitoa moshi na kuacha alama nyeusi kwenye mwembe. Anayenoa alikuwa amefunga. Hamadi alikuwa na bledi nyingine ya inchi 10, kali kabisa, ya meno 24, iliyotengenezwa kwa kuchana mbao kwa urefu. Akaifunga hiyo. Ikakata kama kisu kwenye siagi, na akafurahi.

Kichwa cha mbao kilikuwa kimepasuka, akakiondoa sentimita 5. Zikabaki 300. Kulia kwa bledi akafunga kizuizi umbali wa sentimita 7, ili kila mara asukume mbao mpaka igonge kizuizi, ashushe kichwa, kibao kianguke. Kushoto akashika kwa mkono. Bila klampu, kile chuma cha kubania mbao, kwa sababu mbao ilikuwa ndefu na mkono uko mbali.

Vibao 38 vya kwanza vilikatika bila tatizo lolote. Saidi alikuwa akivikusanya kwenye ndoo. Anakumbuka kwamba unga ulikuwa umejaa kwenye pembe ya ukuta wa mashine, ule unaoegemewa na mbao, na kwamba alitaka kuupangusa.

"Mjomba, zima kidogo niondoe unga."

"Bado viwili tu, mwanangu. Tutafagia pamoja."

Cha 39 kilikatika, ingawa mashine ilitikisika kidogo. Hamadi alisikia mtikisiko ule. Anasema alijiambia ni fundo la mti.

Kwenye cha 40 alikuwa na kijiti cha sentimita 15 na milimita 3. Akitoa sentimita 7 za kibao na milimita 3 zinazoliwa na bledi, upande wa kushoto zinabaki sentimita 8 za kushika. Akakibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, cha shahada mbele kabisa, akashusha.

Kilichofuata ni chini ya nusu sekunde, na nimekipanga kutokana na alama zilizobaki kwenye mbao. Kijiti hakikuwa kimekaa sawasawa ukutani, kwa sababu unga ulikisukuma mbele upande mmoja. Jino la kwanza lilipogusa likakivuta kuelekea ukutani. Katikati ya ukuta kuna pengo la kupitisha bledi, na kijiti kifupi hakina urefu wa kutosha kuegemea pande zote mbili za pengo. Kikageuka, ncha yake ikaingia ndani ya pengo. Wakati huo huo kibao cha kulia kilikuwa kimekwisha kukatika, lakini hakikuwa na pa kwenda: huku kizuizi, huku bledi. Kikapinda, kikanaswa na meno ya nyuma, kikarushwa hadi kwenye mabati. Tundu liko pale. Kijiti cha kushoto kikazunguka na vidole juu yake, na ncha ya kidole cha shahada ikaondoka.

Hamadi alishtuka, akafanya anachofanya kila mtu: akaachia swichi, akanyanyua kichwa na kuuvuta mkono wa kushoto kwake, yote kwa pamoja. Kichwa kilipanda na bledi ikizunguka wazi, bila kinga. Mkono uliokuwa ukirudi ukaipitia. Kidole cha kati kikakatwa upande wa mgongo, mpaka kano inayokinyoosha.

Dakika 20 za kwanza

Saidi alichomoa plagi kabla ya kumgusa mjomba wake. Nimemsifu mbele ya watu na namsifu tena hapa, kwa sababu bledi ilikuwa bado inazunguka na mtu aliyejeruhiwa alikuwa akiyumba mbele yake.

Mkewe Hamadi alitoka jikoni, akachukua leso safi kwenye kamba, akaikunja na kuikandamiza juu ya vidole, mkono ukiwa juu ya kifua. Jirani, mama mtu mzima, alikuja na kahawa ya unga kwenye kiganja.

"Mama, niwie radhi," mkewe Hamadi akamwambia, "tusitie kitu. Nisaidie kumshika tu."

Huo ulikuwa uamuzi mzuri mno. Kahawa, majivu au sukari haviwezi kufanya zaidi ya ukandamizaji, na daktari huvisugua vyote kwenye kidonda kibichi kabla ya kuanza kazi.

Ncha ya kidole Saidi aliikuta nyuma ya ukuta wa mashine, ndani ya unga. Akakimbia kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, akaitumbukiza ndani ya kikombe cha barafu. Hapo palikosewa. Nyama ikigusana na barafu moja kwa moja huganda na kufa. Mkewe Hamadi, ambaye aliwahi kufunzwa huduma ya kwanza, aliitoa baada ya dakika chache, akaifunga kwa kitambaa safi kilicholowa maji, kisha akatafuta mfuko. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na nyumbani haikuwepo. Akamwaga mkate mezani, akatumia mfuko wake, akaufunga fundo na kuuweka juu ya maji yenye barafu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kitambaa chenye unyevu, mfuko usiopitisha maji, halafu baridi kwa nje.

Kijana wa bodaboda alikuwa mlangoni, tayari. Walimkataa wakangoja tuktuk dakika tano. Mtu aliyepoteza damu anaweza kuzirai, na juu ya pikipiki akizirai ana ajali ya pili. Katika tuktuk mkewe aliendelea kukandamiza njia nzima.

Walisahau jambo moja. Hamadi alikuwa na pete ya fedha kwenye mkono ule ule. Mkono ulivimba, na hospitali wakalazimika kuikata pete. Ingevuliwa mapema, na kwa kweli haikupaswa kuwa kidoleni wakati wa kazi.

Matokeo

Ncha ya kidole cha shahada haikurudishwa. Daktari alieleza kwamba bledi ya meno makubwa haikati, inararua, na mishipa ya damu ilikuwa imesagika. Kidonda kilifungwa, kidole kikabaki kifupi kwa nusu ya pingili. Kano ya kidole cha kati ilishonwa. Alipigwa sindano ya pepopunda, akafungwa gango wiki kadhaa, kisha akaanza mazoezi ya kidole. Mwezi wa nne baada ya ajali anaweza kushika randa. Hawezi kukinyoosha kidole cha kati moja kwa moja, na asubuhi za baridi ya kusi kinamuuma.

Kabati lilichelewa siku mbili. Kibao cha 40 Saidi alikikata kwa msumeno wa mkono, kwenye kipande kingine cha mwembe kilichokuwa chini ya meza siku zote.

Uchambuzi

Nianze na waya, maana ndio uliobeba lawama zote. Kinga ya chini hufunguka bledi inaposhuka kwenye mbao, ndivyo ilivyoundwa. Kwa hivyo wakati kijiti kinageuka, hata kinga nzima isingemzuia asipoteze ncha ya kidole cha shahada. Jeraha la pili ni habari nyingine. Kichwa kilipopanda, kinga nzima ingekuwa imefunika bledi kabla mkono haujapita. Kidole cha kati ni cha waya ule, na cha zile sekunde 11. Angebaki ameshusha kichwa mpaka bledi isimame ndipo akinyanyue, pia angesalimika, lakini simtarajii mtu aliyekatwa akumbuke hilo. Kinga ipo kwa ajili ya sekunde ambayo akili haipo. Kuitengeneza kulichukua nusu saa: nilichomoa plagi, nikaisugua kwa mswaki na maji ya sabuni ya uvuguvugu, nikaikausha, nikabadilisha springi, nikapaka nta ya mshumaa kwenye egemeo badala ya mafuta, kwa sababu nta haishiki unga.

Sasa jeraha la kwanza, ambalo ndilo chanzo.

Kanuni inayojulikana ni kwamba mkono usikaribie bledi kwa chini ya sentimita 15. Upana wa vidole vya mtu mzima vilivyolala kwenye mbao ni kama sentimita 8. Kwa hiyo ili mkono ushike na ubaki mbali, upande wa kushikwa lazima uwe na sentimita 23 baada ya mkato. Tazama hesabu ya Hamadi. Baada ya kibao cha 38 zilibaki sentimita 22 na milimita 6, yaani pale pale kwenye mpaka. Baada ya cha 39, 15 na milimita 3. Baada ya cha 40, 8. Kibao cha 38 kilikuwa cha mwisho kukatwa kwa mkono kwa usalama. Viwili vilivyofuata havikuwa vya mashine hii, kwa namna ile ya kushika.

Na hakuwa na vingine vya kukata. Mbao ilikuwa imenunuliwa iishe. Futi 10 zilitosha kwenye karatasi, lakini zilimlazimisha ale mpaka mkia. Angenunua futi 12, baada ya kutoa kichwa kilichopasuka na vibao vyote 40, zingembakia sentimita 69 mkononi. Mkono wake usingekaribia bledi hata mara moja jioni nzima. Futi mbili za mwembe ni pesa ya chai na mahamri. Ndiyo maana nasema ajali ilianzia kwenye duka la mbao, na ndiyo maana siku hizi nawafundisha vijana wahesabu mkia wa kushikia kama sehemu ya mbao inayohitajika, sawa na wanavyohesabu upana wa mkato.

Kizuizi ni kosa ambalo nimeliona kwenye karakana kubwa pia, na mafundi wazoefu hulitetea. Kizuizi kikikaa upande wa kipande kinachokatika, kipande hicho hubanwa baina yake na bledi. Kila mkato wa Hamadi ulikuwa na hatari hiyo. Alinusurika mara 39 kwa sababu vibao vilianguka vizuri. Njia salama ni rahisi. Funga kizuizi mbali zaidi, weka kibao cha kupimia baina ya kizuizi na mbao, sukuma mpaka viguse, shika mbao imara, ondoa kibao cha kupimia, ndipo ukate. Urefu unabaki ule ule, na kipande kinachokatika kinakuwa na nafasi ya kulala bila kubanwa.

Bledi ya meno 24 ilizidisha nguvu ya yote haya. Bledi ya kuchana ina meno yaliyoinamia mbele sana. Huramba mbao na kuivuta. Kwa msumeno wa pembe meno yanapaswa kusimama karibu wima au kuinamia nyuma kidogo, na kwa kazi safi yawe 60 au zaidi. Hamadi aliona inakata upesi akadhani ndiyo bora. Kwa kweli alichokiona ni mvuto ule ule uliomnyang'anya kijiti.

Pengo la ukuta lina dawa ya dakika 10: ubao mnyoofu wa plaiwudi unaofungwa mbele ya ukuta wa mashine kwa skrubu kutoka nyuma, kisha unakatwa mara moja na bledi yenyewe. Pengo linakuwa na upana wa mkato tu, na kijiti kifupi hakina pa kuzamia. Hata hivyo kijiti cha sentimita 15 kibanwe kwa klampu, au kikatwe kwa msumeno wa mkono. Klampu ya Hamadi ilikuwa imening'inia ukutani, hatua mbili kutoka kwake.

Unga je? Ulikuwa mdogo, unene wa sarafu labda. Lakini ndio ulioamua kwamba kijiti kisiguse ukuta. Saidi aliuona, akasema, akaambiwa asubiri. Hapa sina budi kuwa mkali: katika karakana yangu, kijana akisema "zima", mashine inazimwa, awe amekosea au hakukosea, na mkubwa ndiye anayetoa plagi. Hamadi ananiambia hilo ndilo linalomkosesha usingizi kuliko kidole. Kingekuwa kidole cha Saidi, pangekuwa na sheria pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiishii kwenye viwanda. Inagusa kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, na ua wenye kijana anayelipwa ni mahali pa kazi.

Nilirudi wiki iliyopita. Kinga inajikunjua vizuri, ubao wa plaiwudi upo, kibao cha kupimia kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza kisipotee. Mbao zilizoegemezwa ukutani ni za futi 12. Bledi ya meno 24 bado inaning'inia kwenye msumari juu ya msumeno wa pembe. Nimemwomba aihamishie kwenye sanduku la msumeno wa kuchana, akaahidi kufanya hivyo. Nitapita tena Jumamosi.